Uraibu wa Mtu Mzima

Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, hakina neno moja lililotulia la kuitia ile shughuli ambayo mtu mzima huifanya baada ya kazi, kwa hiari yake, pasipo kulipwa, kwa sababu anaipenda tu. Vijana wa mjini husema hobi, na wanaeleweka. Walimu wa lugha hupendekeza uraibu. Lakini kwa wazee wa pwani uraibu ni tambuu na popoo, chokaa na tumbaku, yaani kitu cha kutafunwa ambacho aliyekizoea hawezi tena kukaa bila ya kuwa nacho. Siku hizi neno hilo hilo hutumika hata kwa mtu aliyetekwa na pombe au dawa za kulevya. Wapo wanaosema kwamba hii ni kasoro na kwamba wataalamu hawana budi kututafutia neno jingine. Mimi nadhani tusiharakishe. Neno lililobeba kwa pamoja starehe ya mtu na utumwa wake linatuuliza swali, na lafaa kujibiwa kabla hatujalibadilisha jina.

Swali lenyewe, msomaji, ni hili. Je, mtu mzima mwenye kipato kidogo, mwenye watoto wanaosoma na shamba linalongoja palizi, ana haki ya kutumia saa mbili za siku yake katika jambo lisilomletea hata senti moja? Na kama anayo haki hiyo, mipaka yake ni ipi?

Nimesema mwenye kipato kidogo kwa makusudi. Tajiri hatumwulizi swali hili. Ofisa mkubwa akicheza gofu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, twasema anapumzisha akili. Fundi baiskeli akicheza drafti kwa vizibo vya soda kwa muda kama huo, twasema ndiyo maana hana maendeleo. Wote wawili wametumia asubuhi ya Jumamosi, na tena yule fundi hakutumia fedha yoyote. Tunachomlaumu nacho ni nini basi? Naona tunamlaumu kwa umaskini wake, kana kwamba mtu asiyekuwa na fedha amekopa muda wake kutoka kwetu na anapaswa kutupa hesabu yake.

Kizazi changu kililelewa katika sifa ya kazi, wala sioni haya kwa hilo. Mwaka 1967 tulipata Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, na sisi tuliokuwa wanafunzi wakati ule tulishika majembe pamoja na kalamu. Nchi changa ilikuwa na njaa ya mikono. Lakini sifa ya kazi iliyozidi kipimo huzaa shaka juu ya kila aliyekaa. Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya Nguvu Kazi, mtu aliyekutwa kijiweni saa za kazi aliweza kutakiwa aeleze anajipatia riziki kwa njia gani. Sitaki kuihukumu sheria ile hapa. Upungufu wa miaka ile baada ya vita vya Kagera ulikuwa wa kweli, na anayekumbuka foleni za sabuni na sukari hatakuwa mwepesi wa kucheka. Ninachotaka kusema ni kwamba sheria hupita na macho yakabaki. Mpaka leo tukiona watu wazima wanne chini ya mwembe wameinamia ubao wa bao, mtazamo wetu wa kwanza ni wa askari.

Baadaye ukaja mradi. Mishahara ya miaka ya 1980 iliisha kabla ya katikati ya mwezi, na mwalimu asiyefuga kuku aliuza maandazi, na asiyeuza maandazi alilima vitunguu. Hiyo ilikuwa dharura, na dharura haina ubishi. Ajabu ni kwamba dharura ile imegeuka kuwa desturi. Swali la "Una mradi gani?" limekuwa sehemu ya maamkizi. Ukimwambia mtu kwamba unapanda maua, atauliza bei ya miche. Ukimwambia unaimba kwaya, atauliza kama mmekwisha rekodi.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja chuoni, mwalimu wa hisabati, aliyefuga njiwa. Aliwajengea nyumba ndogo ya mbao juu ya nguzo nyuma ya jiko, na kila jioni aliweka kigoda chini ya nguzo ile na kuwatazama wakirejea. Kila njiwa alikuwa na jina lake. Wengine aliwapa majina ya wakaguzi wa shule, kwa namna walivyotembea. Ndugu zake wakamshauri kwamba njiwa ni nyama, na mahoteli yananunua. Ushauri ule haukuwa mbaya, kwa maana alikuwa na watoto watatu sekondari. Akajenga banda kubwa, akafungua daftari la mapato na matumizi, na kwa hesabu yake nadhifu faida ikaonekana. Lakini kigoda sikukiona tena. Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, siku hizi huwatazami ndege wako?" Akanijibu, "Utampaje jina mtu utakayemchinja Ijumaa?" Aliendelea na mradi wake na ada zikalipwa, nami sina neno juu ya uamuzi wake. Nasema tu kwamba kuna kitu kiliuzwa pamoja na wale ndege, na bei yake haikuandikwa katika daftari lile.

Upande wa pili namweka mama mmoja jirani yetu, mjane, ambaye hufuma vitambaa vya meza kwa uzi mweupe. Ana mkono ambao sijauona kwa mwingine. Maua yake yamekaa sawasawa utadhani yamepimwa kwa rula. Alikuja binti mmoja wa semina za ujasiriamali akaviona, akamweleza kwa upole jinsi vitambaa vile vinavyoweza kupelekwa mjini kwa watalii. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nauza mchicha, nauza maandazi, nauza mkaa. Hiki kimoja niachie." Vitambaa vyake huwapa maharusi, na waliojifungua, na mara nyingine hufumua alichokifuma wiki nzima kwa kuwa ua moja halikumridhisha. Mfanyabiashara hawezi kufumua hivyo. Mwenye kufanya kwa ajili ya kuuza husema yatosha pale mnunuzi atakapoona yatosha, lakini yule mama yatosha yake iko ndani ya jicho lake mwenyewe.

Kwa mtu aliyefundisha walimu maisha yake yote lipo jambo la kuchekesha katika habari hizi. Neno letu shule tulilipata kwa Wajerumani, nao walilipata katika Kilatini, na Kilatini kiliazima kwa Wayunani. Kwa Wayunani neno lile, kabla ya kuwa na maana ya mahali pa kusomea, lilikuwa na maana ya faragha, nafasi ya mtu aliyetua mzigo. Skuli ya ndugu zetu wa Zanzibar, iliyopitia Kiingereza, ni mtoto wa mama huyo huyo. Kwa hiyo kengele niliyowapigia wanachuo kwa miaka mingi, wakatoka mbio na fagio na majembe mikononi, kwa asili ilikuwa ni kengele ya kuitia watu mapumzikoni. Niliwaeleza jambo hili darasani mara kadhaa, na kila mara walidhani natania.

Wengi wanaotetea shughuli za wakati wa ziada hukimbilia mifano mikubwa. Husema: mtazameni Shaaban Robert. Na kweli, kazi iliyompa mshahara tangu mwaka 1926 hadi 1944 ilikuwa ya ukarani wa forodha, na baada ya hapo aliendelea katika ofisi nyingine za serikali. Vitabu vyake tunavyojivunia viliandikwa na mtu mwenye mkuu wa kazi na saa za kuripoti. Mathias Mnyampala, aliyetuachia ngonjera, naye alikula mshahara wa serikali na kufikia uhakimu. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare akiwa kiongozi wa nchi: Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Wala hakuacha kucheza bao.

Mifano hii naipenda, lakini siikubali kama hoja. Inasema kwamba mapumziko ni halali kwa kuwa mwishowe yalizaa kitu. Huo ni mradi uleule umevaa joho. Na wale ambao hawakuzaa kitu? Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, na katika magazeti yaliyolifuata, maelfu ya makarani, walimu, mapolisi na wakulima walipeleka mashairi yao kwa gharama ya karatasi, bahasha na stempu. Walijibizana, wakatukanana kwa vina, wakafumbiana mafumbo, na malipo yao yalikuwa ni kuliona jina limechapwa. Mengi ya mashairi yale, tuseme kweli, yalikuwa ya hivihivi tu, na mengine mengi hayakuchapwa kabisa. Karani aliyekaa na kibatari chake akitafuta kina cha kati mpaka usiku wa manane, na asikipate, je, alikosea kukaa? Ikiwa jibu letu linategemea kama shairi lilikuwa zuri, basi hatujamtetea yeye. Tumelitetea shairi.

Mimi namtetea yeye. Sababu yangu ni nyepesi kuieleza kwa mfano wa bao kuliko kwa falsafa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Ubao mzuri wa kuchongwa una bei yake, lakini mashimo waweza kuyachimba ardhini kwa kisigino, na kete ni komwe zinazookotwa bure pale ulipo mkomwe. Mchezo unapoanza kila mchezaji huweka kete 10 na kubaki na 22 mkononi, naye huzinamua moja moja, huku akiilinda nyumba yake kama mtu anayelinda ghala. Kete za mkononi zikiisha ndipo wanaingia katika mtaji, na hapo sherehe huanza. Mchezaji mzuri hutazama mashimo yote kwa mara moja, akaona kete zitakavyokimbia, zitakapokula, zitakaporudi kichwani na kuzunguka tena, kabla hajagusa kitu. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akatoa tasnifu ya udaktari juu ya uwezo wa akili zao. Watu hao kwa majirani zao walikuwa ni wazee wanaoshinda barazani.

Sasa mtazame mzee mmoja kama hao katika siku yake. Hospitali anaitwa namba. Kwa afisa wa pensheni anaitwa jalada. Nyumbani anaitwa babu, na hilo ni jina la heshima, lakini hata hilo ni kwa ajili ya wajukuu. Akikaa mbele ya ubao, kwa saa mbili hana cheo wala deni. Ana akili tu, na mbele yake ana mtu mwingine mwenye akili. Akila, amekula kwa akili yake. Akiliwa, hawezi kumsingizia mkubwa yeyote. Naona mtu anahitaji mahali kama hapo ili asisahau kwamba yeye si jumla ya mahitaji ya wengine. Hapo sina maana kwamba mahitaji ya wengine ni kitu kidogo. Nitayarudia hivi punde.

Uraibu wangu mimi ni anga. Ni wa bei rahisi kupita hata bao, kwa kuwa mwenye kuweka vifaa vyake hakutoza kiingilio. Nilianza Aprili 1986, ilipopita ile nyota yenye mkia iitwayo Halley. Sisi wa kusini mwa dunia tulikuwa na nafasi nzuri kuliko watu wa Ulaya. Niliwaamsha wanachuo usiku usio na mwezi, tukatoka uwanjani, nikawaonyesha. Walitazamia moto angani. Walichokiona kilikuwa kama doa la chaki lililofutwa vibaya ubaoni, na wengine walirudi kulala wakinung'unika. Nyota ile hurudi kwa miaka 75 au 76, na safari ijayo ni mwaka 2061. Mimi nilibaki uwanjani. Tangu usiku ule ninalo daftari, na sasa yamekuwa madaftari saba ya kurasa mia, na kalamu za risasi.

Ninaandika nini? Mambo ambayo kila mtu angeweza kuyaona. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho wazee walikipa jina kutokana na kulima, huonekana mashariki mara jua linapozama mwezi wa Novemba, wakati watu wanatengeneza mashamba. Kisha kila juma huwa kimesogea, mpaka mwisho wa Aprili kinazama pamoja na jua katikati ya masika. Mwezi wa Juni chatokea tena, alfajiri, upande wa mashariki, mvua zikiwa zimekwisha. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi kama fumbo la maisha, na ni fumbo zuri, lakini kwanza ni taarifa sahihi ya anga.

Zuhura nayo ina mwendo wake. Hung'aa magharibi jioni kwa miezi, ikapotea, ikatokea mashariki alfajiri. Na kila baada ya miaka 8, pungufu ya siku mbili hivi, hurudia nyayo zake karibu sawasawa. Tarehe 3 Aprili 2012 iliingia ndani ya Kilimia, ikakaa kati ya zile nyota ndogo kama kuku kati ya vifaranga. Niliandika. Tarehe 3 Aprili 2020, wakati dunia nzima imejifungia ndani kwa hofu ya maradhi, nilifungua daftari, nikahesabu, nikatoka nje. Kulikuwa na mawingu ya masika. Yaliachana kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na Zuhura ilikuwa mlemle. Aprili 2028 itakuwamo tena. Nimekwisha kuandika tarehe kwa kalamu ya risasi, ambayo hufutika.

Utaniuliza: faida yake? Sina. Sikugundua kitu, yote haya wanajimu waliyajua zamani za kale. Lakini jioni ile ya 2020, mtu wa umri wangu, niliyekwisha ambiwa kwamba maradhi yale yanawatafuta wazee kwanza, nilikuwa na miadi na nikaitimiza. Sikuwa nangoja tu.

Kungoja ndiko ninakokuogopa. Nimewaona walimu wengi wakistaafu. Tunawaaga kwa hotuba, tunawapa mabati na kiti cha kukunja, na baada ya mwaka mmoja unamkuta mtu aliyekuwa akisimamisha ukumbi kwa kukohoa tu, amekaa juu ya kiti kile akiwatazama wapita njia ili aulizwe hali. Mwingine alikuwa akifika shuleni kwake kila siku saa mbili asubuhi kuuliza kama kuna barua, mpaka mwalimu mkuu mpya akaanza kumkwepa. Sisemi kwamba bao hurefusha maisha; walioshika kete nao tumewazika. Nasema kuna watu ambao kazi ilipowaacha haikumkuta mtu ndani. Na tuliwasifu sana walipokuwa kazini kwa kutokuwa na jambo jingine lolote.

Hata hivyo haki hii isije ikawa kofia ya kuvisha kila kichwa. Siku hizi mchezo wa bei rahisi kuliko yote, ukiwauliza vijana, na watu wazima wengi pia, ni kubashiri matokeo ya mpira kwa simu. Shilingi 500 tu, husema. Bado ni kidogo kuliko soda. Basi nalo tuliite uraibu mwema?

Nilijaribu vipimo kadhaa juu ya jambo hili, na vingine havikufaa. Kusema kwamba betting humteka mtu hakutoshi, maana hata bao humteka mtu. Nawajua waliosahau chakula motoni kwa sababu yake. Kusema kwamba mna fedha ndani yake hakutoshi pia, kwa kuwa mcheza bao huweza kuweka dau la kahawa. Kipimo kilichonibakia ni hiki: je, huyu mtu anajifunza? Aliyecheza bao miaka kumi haliwi tena kwa mtego uliomla mwaka wa kwanza. Aliyebashiri miaka kumi huweza kujua majina ya wachezaji wa Uingereza kuliko ya shangazi zake, lakini mpira haujaanza kumsikiliza, na kampuni imekwisha pata sehemu yake kabla refa hajapuliza kipenga. Aidha mchezo wa bao una mwisho. Kete hurudishwa mfukoni, watu wakaenda zao. Simu huenda na mwenyewe mpaka kitandani. Ndiyo maana nasema neno uraibu, kwa ubaya wake wote, linatufaa; linamlazimisha mtu aulize amesimama upande gani wa neno.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote niliyoyasema. Tumesema bao ni rahisi. Rahisi kwa nani?

Yule Myunani maarufu, Aristotle, alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate faragha, na kwamba katika faragha ndipo mtu huwa mtu hasa. Maneno mazuri. Lakini aliyasema katika mji ambao maji yaliteкwa na nafaka ikasagwa na watumwa, na hakuona taabu kueleza kwamba watu fulani waliumbwa kwa ajili hiyo. Faragha yake ilikuwa na gharama, ila alikuwa haibebi yeye. Baraza zetu nazo, tukitazama kwa haki, si tofauti sana. Nimehesabu mara nyingi walioketi kwenye bao saa kumi jioni, na sikupata mwanamke hata mmoja. Wako wapi saa ile? Kisimani, jikoni, shambani, zahanati na mtoto mgongoni. Bao halikumgharimu mzee yule senti moja, kwa sababu gharama yake ililipwa kwa ndoo kichwani mwa mtu mwingine.

Hoja hii huwaudhi wenzangu barazani. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, wanawake nao wana michezo yao. Wanasuka ukili, wanafuma, wanaimba." Ni kweli, lakini tazama ni michezo gani. Ukili husukwa huku mtoto ananyonya na chungu kikiwa motoni, na ukisha kusukwa huwa mkeka wa kulalia wote. Yule mama mjane aliposema "hiki kimoja niachie," alikuwa amekwisha kuuza mchicha, maandazi na mkaa siku ile ile. Aliiba saa yake usiku, taa ikiwa imepunguzwa utambi. Mwanamume hupewa faragha, mwanamke huiiba. Siwezi kusema kwamba mtu mzima ana haki ya saa mbili zake halafu nikamaanisha nusu ya watu wazima.

Kwa hiyo sharti langu ni kwamba saa ya uraibu ihesabiwe nyumbani na wote waliomo, kama inavyohesabiwa sukari. Kijijini kwetu wazee watatu wa bao wana baiskeli, na tangu bomba lilipokatika hupita kisimani kwa madumu kabla ya kwenda barazani. Hakuna aliyewaamuru. Mke wa mmoja wao alimwuliza tu kwa sauti, mbele ya wenziwe, kete zina uzito gani. Mchezo siku hizi huanza saa kumi na moja badala ya saa kumi, na wanalalamika kwamba giza huingia mapema.

Kwangu mimi mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa nyota hazitoki mpaka vyombo vimeoshwa. Mama watoto, ambaye kwa miaka arobaini na zaidi amenivumilia nikitoka na kuingia usiku na daftari, ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Mazoezi yao ni Jumatano na Jumamosi, na hujiongeza mpaka usiku wiki za kukaribia Pasaka. Hawajarekodi, wala hawana nia. Siku hizo mbili mjukuu mdogo huwa na mimi, na ugali ni wangu. Mwanzoni mjukuu alisema una madonge. Sasa hasemi kitu, ila hutafuna polepole.